Mkulima anapobadilisha kompyuta ya nyumbani: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kompyuta ya mkulima mara nyingi huharibika kabla haijapitwa na wakati. Vumbi huziba feni, umeme hukatika katikati ya kazi, diski huanza kukwama, na siku moja mashine haiwaki. Kinachouma zaidi siku hiyo ni kumbukumbu za shamba zilizokuwa ndani: tarehe za kupandisha ng'ombe, dawa iliyopigwa kila kitalu, maziwa ya kila siku, risiti na madeni. Kwa hiyo anayekwenda kununua nyingine asitangulize swali la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Atangulize mambo matatu: kumbukumbu zake zitahamaje, umeme wake ukoje, na mashine itakaa wapi.

Kwanza jua kinachoisumbua ile ya zamani. Kama ni ya polepole tu, na ndani ina diski ya kuzunguka na RAM (nafasi ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, huenda kuiwekea SSD, yaani hifadhi ya chipu, na kuongeza RAM kukakuokolea gharama ya mashine nzima. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo husoma mafaili kwa kasi zaidi na huvumilia mitikisiko ambayo ingeharibu diski ya kawaida. Lakini angalia pia mfumo endeshi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwa muda wa ziada wanafikia Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kompyuta isiyofikia hapo bado inaweza kuendeshwa kwa mfumo mwingine, Linux Mint, bila malipo, na kwa anayetumia kivinjari, barua pepe na majedwali ya programu ya LibreOffice, hiyo inatosha kabisa. Haitoshi ikiwa una programu ya hesabu au ya mifugo inayofanya kazi kwenye Windows pekee.

Ndiyo maana ni vizuri kuandika kazi zote ambazo kompyuta hufanya katika msimu mzima, siyo zile za wiki hii tu. Kazi za kila siku kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni zile za mara moja kwa mwaka: kujaza fomu za ruzuku au kodi, kuchapa lebo za magunia, kupakua picha za droni, kupeleka ramani ya shamba kwenye skrini ya trekta. Vifaa vya kilimo huishi muda mrefu kuliko kompyuta. Mizani ya mifugo au kipokea GPS cha zamani kinaweza kuhitaji tundu la pini tisa ambalo kompyuta za sasa hazina, ukalazimika kutafuta adapta. Skrini nyingi za matrekta hupokea data kwa flashi, na baadhi husoma iliyoandaliwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32 tu. Kadi ya memori ya droni nayo inahitaji pa kuingia. Mashine nyembamba yenye matundu mawili ya USB-C na si zaidi hupendeza machoni, lakini itakufanya uishi kwa adapta, na adapta hupotea haraka kwenye nyumba ya shamba.

Sasa umeme, na hapa inafaa kupiga hesabu kidogo. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, kwa matumizi ya kawaida, inaweza kula wati 100 hadi 200. Kompyuta mpakato (laptop) kwa kazi hizohizo hula takriban 20 hadi 60. Chukua wati 150 kwa ya mezani na 30 kwa mpakato, kila moja ikifanya kazi saa tano: ya kwanza imetumia wati-saa 750, ya pili 150. Betri ya sola ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi na asidi hudumu zaidi ikiwa hutaishusha chini ya nusu, kwa hiyo una kama 600 za kutumia. Ya mezani inaimaliza kabla ya saa tano, na bado taa hazijawashwa. Mpakato unachukua robo tu. Kwa anayetegemea sola au jenereta, hesabu hiyo peke yake inatosha kuamua.

Mpakato una faida nyingine: betri yake huulinda dhidi ya kukatika kwa umeme ghafla, jambo linaloharibu mafaili yaliyokuwa wazi. Ya mezani inahitaji UPS, yaani kisanduku chenye betri ya akiba, na UPS ndogo hukupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima, wala si za kuendelea kufanya kazi. Ukiweza, chagua mpakato unaochaji kwa USB-C. Chaja ya volti 12 yenye wati za kutosha, kwa kawaida 45 au 65, itauchaji kwenye gari au moja kwa moja kwenye betri ya sola bila inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na inverta yenyewe hupoteza sehemu ya umeme. Ukibaki na inverta, inayotoa wimbi safi (pure sine wave) ni salama zaidi kwa chaja. Kuhusu radi, kizuizi cha umeme unaopanda ghafla (surge protector) husaidia dhidi ya volti zinazoruka juu, lakini radi ikipiga karibu hakitoshi. Chomoa waya wa umeme, chomoa na kebo ya intaneti, kwa kuwa nayo hupitisha radi.

Sitaki kuidharau ya mezani. Ni rahisi kufungua na kusafisha, kibodi ikiingia matope unainunua nyingine bila kugusa mashine, na skrini yake kubwa huwapumzisha wenye macho yaliyochoka. Penye umeme wa uhakika ni chaguo zuri. Zipo pia kompyuta ndogo za mezani zinazotumia umeme mdogo kama mpakato, ila hazina betri. Kwa wakulima walio wengi ningependekeza mpakato unaokaa mezani na kuunganishwa kibodi na mausi ya nje, ili vidole vyenye udongo visiguse mashine yenyewe.

Vumbi la shamba si sawa na vumbi la ofisi. Kuna pumba, unga wa chakula cha mifugo, manyoya, na kubwa kuliko yote, vumbi la mbolea. Mbolea za chumvichumvi hufyonza unyevu hewani. Zikitua kwenye bodi ya kompyuta huanza kula shaba na viungo. Amonia inayotoka kwenye banda lenye samadi nayo hufanya hivyo, polepole. Kabla ya kununua, basi, amua chumba: mbali na stoo ya mbolea na dawa, mbali na mlango wa banda, juu ya meza ngumu isiyo na kitambaa kinachoziba matundu ya hewa. Usiifunike ikiwa inafanya kazi, maana joto litabaki ndani. Ifunike ikiwa imezimwa na kupoa. Na kama panya wanaingia chumba hicho, nyanyua waya kutoka sakafuni.

Watu huuliza kuhusu kompyuta ngumu za kazi za nje, zile zenye alama kama IP65, yaani vumbi haliingii kabisa na hustahimili maji yanayorushwa. Ni mashine imara kweli, lakini ni nzito na ghali. Kama shambani unabeba simu na kompyuta inabaki nyumbani, hela hizo zitakufaa zaidi kwenye SSD kubwa na diski ya nje ya nakala.

Vipimo vyenyewe havichukui muda. RAM ya GB 8 ndiyo ya chini, 16 ikiwezekana, na uliza kama inaweza kuongezwa, maana katika baadhi ya mashine imechomelewa kwenye bodi. SSD ya GB 256 inatosha kwa maandishi na hesabu. Mwenye picha za droni aanze na 512. Epuka mashine mpya za bei ya chini zenye hifadhi ya GB 64 aina ya eMMC, chipu ya bei nafuu iliyochomelewa kwenye bodi: mfumo na masasisho yake vinaweza kuijaza. Prosesa ya kati ya miaka ya karibuni inafanya kazi zote nilizotaja. Skrini iwe ya pikseli 1920 kwa 1080 ili jedwali lenye safu nyingi lisomeke, na iwe isiyong'aa kama kioo.

Iliyotumika ofisini na kuuzwa ni chaguo ninaloliheshimu, kwa sababu mara nyingi imetengenezwa imara na vipuri vyake hupatikana. Lakini ijaribu wewe mwenyewe. Iwashwe mbele yako ikiwa imezimwa kabisa. Bonyeza kila herufi, chomeka flashi katika kila tundu. Hakikisha hakuna nywila kwenye BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows), na kwamba haijasajiliwa bado chini ya kampuni ya zamani, kwani baadhi hujifunga pale tu unapoweka mfumo upya. Kwenye Windows, amri powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Ikiwa umebaki nusu, ingiza bei ya betri nyingine katika maelewano.

Kuhama kwenyewe kupangwe kabla ya siku ya kununua, na kusiangukie wakati wa kupanda au kuvuna. Tafuta leseni ya programu zako na faili la kuziwekea. Kama ziko kwenye CD, kumbuka kompyuta nyingi mpya hazina pa kuiweka. Andika nywila ambazo kivinjari cha zamani kilikuwa kikizikumbuka. Toa data kutoka programu ya shamba katika muundo unaofunguka popote, kama CSV (jedwali la maandishi matupu), hata kama unatarajia kuendelea na programu ileile. Kisha uwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba, iwe mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini. Moto au mwizi akiingia nyumbani huchukua kompyuta na diski iliyo pembeni yake kwa pamoja.

Mashine mpya ikishawaka, fungua kwayo kumbukumbu za mwaka uliopita, chapa ukurasa mmoja, tuma faili moja kwenye trekta. Ile ya zamani usiigawe bado. Iache kabatini mpaka hesabu za mwaka mzima zifungwe kwenye mpya, kisha futa diski yake kabisa au itoe ubaki nayo. Ikiwa betri yake imevimba, usiitoboe wala kuitupa motoni. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.