Kabla hujaongeza programu kwenye kompyuta ya zamani

Kompyuta tunazofanyia kazi Kigoma, kuanzia steshenari za Mwanga na Ujiji hadi ofisi na shule za Kasulu na Uvinza, mara nyingi zimeshatumika kwingine kabla hazijatufikia. Utakuta Dell OptiPlex ya mezani, ThinkPad nzito, HP ambayo vitufe vyake vimefutika herufi. Ni mashine imara, na ikitunzwa bado ina miaka ya kuchapa barua na kutoa kopi. Taabu huja siku inapoongezewa kitu: printa nyingine, antivairasi, modemu, programu ya mahesabu. Mwenye mashine anaweka, anawasha upya, skrini inageuka bluu, inajizima, inawaka, inazima tena. Anaitwa fundi, na neno la kwanza ni, "Hii tuipige Windows upya tu."

Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia. Mara nyingi kilichogonga ni draiva moja tu, yaani programu ndogo ya kuendeshea kifaa, tena ingeondolewa kwa nusu saa. Kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena, kunafuta ushahidi wa kilichotokea, pengine na mafaili ya watu, halafu kunamwacha mwenye mashine bila draiva za kifaa ambacho mtengenezaji wake alishakisahau. Karibu kila kitu kinachohitajika kuiokoa kompyuta hiyo kinapatikana kirahisi ikiwa bado nzima. Ikishagoma, unakitafuta gizani. Kwa hiyo maandalizi yafanyike kabla.

Kwanza tuelewe kwa nini draiva ina nguvu ya kuangusha mashine nzima. Programu ya kawaida, mfano Word, inafanya kazi kwenye eneo lake. Ikikosea inafungwa peke yake, nyingine zinaendelea. Draiva ndiyo inayounganisha Windows na kifaa, kwa hiyo inaruhusiwa kuingia ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Huko ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, Windows inasimamisha kila kitu kwa makusudi ili data zisiharibike. Skrini ya bluu ni huko kusimama. Na si printa na kadi za picha pekee zinazoleta draiva: antivairasi na programu za VPN (za kupitisha mtandao kwa njia ya siri) nazo zinaingiza za kwao bila wewe kuona kifaa chochote kipya. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro lililotumwa na kampuni ya CrowdStrike kwa programu yake ya ulinzi liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Dawa ilikuwa kuingia kwenye hali salama, ambako Windows inawaka na vitu vya lazima tu, na kulifuta faili hilo. Ikiwa mashine mpya za viwanja vya ndege zinaangushwa hivyo, mashine yetu ya mwaka 2011 inahitaji uangalizi zaidi.

Anza kwa kuijua mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona toleo la Windows, modeli ya kompyuta, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, hata ukibembeleza. Angalia pia umri wa mfumo. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 2025. Windows 7 ambayo haijapata masasisho kwa miaka mingi huenda isitambue sahihi za kisasa za draiva mpya, zinazoitwa SHA-2. Kifaa kitaonekana kwenye Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine, kikiwa na alama ya njano na namba 52. Ukiona hivyo, usihangaike kuiweka draiva ileile mara kumi.

Kisha toa nakala ya draiva zilizopo sasa, zile ambazo mashine imezizoea. Kwenye Windows 10 tengeneza folda kwenye flashi, tuseme E:\draiva, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, uandike dism /online /export-driver /destination:E:\draiva kisha subiri. Kwenye Windows 7 amri hiyo haipo, lakini unaweza kunakili folda nzima ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Kazi hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kurasa za draiva za modeli za zamani hutoweka mtandaoni, na ukiupoteza mtandao wenyewe, yaani draiva ya LAN (mtandao wa waya) au ya Wi-Fi, huwezi kushusha nyingine yoyote. Unabaki unazunguka Mwanga na flashi mkononi ukiomba kompyuta ya mtu na bando la mtu.

Mafaili yako nayo yapate nakala nje ya mashine. Hilo halihitaji maelezo.

Baada ya hapo weka kituo cha kurudia, kile ambacho Windows inakiita restore point. Usidhani kipo. Kwenye Windows 10 mara nyingi huduma hiyo imezimwa. Kwenye sehemu ya kutafuta andika restore point, ufungue, uiwashe kwa diski C, bofya Create, na ukipe jina linaloeleweka, mfano "kabla ya printa". Hakitunzi nyaraka zako. Kinatunza draiva na mipangilio ya mfumo, ambavyo ndivyo vitakavyovurugwa. Papo hapo, kwenye System, Advanced, Startup and Recovery, ondoa tiki ya Automatically restart. Bila kufanya hivyo skrini ya bluu inapita kama radi na hakuna anayewahi kusoma imesema nini.

Jifunze njia ya kuingia kwenye hali salama, Safe Mode, ukiwa umetulia. Windows 7 unabonyeza F8 mara inapoanza kuwaka. Windows 10 unashikilia Shift huku ukibofya Restart. Ikiwa haifiki hata huko, kuizima kwa nguvu inapoonyesha nembo, mara mbili au tatu mfululizo, huifanya ifungue yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hakikisha unalijua neno la siri la msimamizi. Mashine ambayo fundi aliyeondoka zamani ndiye pekee anayelijua haiko tayari kuongezewa chochote. Tengeneza pia flashi ya Windows ya toleo lilelile, na ujaribu kama kompyuta inaikubali: Dell na ThinkPad huita orodha ya kuwashia kwa F12, HP kwa F9.

Sasa betri ya saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza tarehe na mipangilio ya BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) umeme ukizimwa. Kwenye mashine kuukuu mara nyingi imekufa. Dalili yake ni saa kurudi nyuma miaka kila ukichomoa waya. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya tovuti vinakataliwa na programu zinagoma kuthibitishwa. Kibaya zaidi, BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani inaweza kubadili namna diski inavyosomwa, kutoka AHCI kwenda IDE au RAID. Windows ikiwaka inaikosa diski yake na kutoa skrini ya bluu yenye namba 0x7B. Hebu fikiria: umeweka programu asubuhi, umeme ukakatika mchana, jioni mashine haiwaki. Kila mtu atailaumu programu, kumbe ni betri. Badilisha betri hiyo kwanza, kisha ingia BIOS upige picha kurasa zake zote kwa simu, hasa ukurasa wa SATA, unaoonyesha namna diski inavyosomwa.

Umeme wenyewe uwe na tahadhari yake. Draiva inayoandikwa nusu, umeme ukakatika, ni hatari kuliko draiva mbovu. Kama huna UPS, betri ya akiba ya kompyuta, inayofanya kazi, tumia laptopu yenye betri inayokaa, au subiri. Msimu wa mvua, mawingu yakianza kuwa meusi upande wa ziwa na radi ikisikika kutoka milima ya Kongo, acha kuweka chochote.

Pima na afya ya mashine. Fungua boksi, puliza vumbi la kiangazi, ona kama feni ya prosesa inazunguka na kama kuna kapasita zilizovimba vichwa. Endesha mdsched, kwa kitufe cha Windows na R kama mwanzo, ipime RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuna kipimo kimoja kinachosaidia sana: ajali zikitaja faili lilelile kila mara, mshuku draiva. Kila mara zikitaja kitu tofauti, mshuku RAM, joto au umeme. Mashine iliyokuwa ikiganda hata kabla, irekebishe kwanza, la sivyo hutajua kipi kimesababisha nini.

Siku ya kuweka, weka kitu kimoja. Washa upya, itumie, ndipo uweke kingine. Antivairasi ya zamani iondoke kabisa kabla mpya haijaingia, kwa sababu zote mbili hutaka kukaa kwenye njia ya kila faili linalofunguliwa. Draiva za printa zisizotumika tena ziondoe pia. Machi 2021 sasisho moja la Windows 10 lilikutana vibaya na draiva za baadhi ya printa, Kyocera na Ricoh zikiwemo, watu wakapata skrini ya bluu kwa kubofya Print tu. Kama printa ni ya USB, usichomeke waya mpaka programu yake iseme.

Usikubali programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mara moja. Zinabadilisha vitu kumi ambavyo havikuwa na tatizo. Kifaa kinachojificha jina kina utambulisho wake: kwenye Device Manager fungua Properties, Details, kisha Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni Nvidia. Kwa namba hizo unatafuta draiva sahihi kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kila unachoweka kiandike kwenye daftari la karatasi linalokaa karibu na mashine: tarehe, jina, toleo, umekitoa wapi. Steshenari yenye vijana wawili watatu wanaopokezana zamu inalihitaji zaidi. Na chagua siku. Wiki ambayo shule zinaleta mitihani ichapwe si wiki ya kujaribu printa mpya.

Hata baada ya yote hayo mashine inaweza kuanguka. Piga picha skrini ya bluu, usome namba na jina la faili linaloishia na .sys. 0xD1 karibu kila mara ni draiva. Faili linaloanza na igdk ni la picha za Intel, nvlddmkm ni la Nvidia. Ingia hali salama, kwenye Device Manager jaribu Roll Back Driver. Ikigoma, ondoa programu uliyoweka mwisho. Ikigoma tena, rudi kwenye kituo ulichokipa jina. Ukilazimika kumwita fundi, mpe picha, daftari na flashi ya draiva, umwambie, "Fundi, kabla hujapiga Windows, naomba kwanza unitolee mafaili yangu na folda ya C:\Windows\Minidump." Ndani ya folda hiyo kuna kumbukumbu ya kila ajali, na fundi anayejua kazi ataifungua kabla hajagusa kitu kingine.