Unahama na watoto wadogo? Chagua mtaa hivi

Kabla hujavutiwa na picha za nyumba, fungua ramani uweke alama kazini kwako, shule na hospitali ya karibu, halafu mtaa ulio mbali na vyote vitatu uondoe hata kama kodi yake iko chini, maana hela unayookoa itaishia kwenye nauli na mtoto ataamshwa gizani kila siku.

Ikibaki mitaa miwili mitatu, itembee kwa miguu, tena na mtoto. Nenda asubuhi watu wakiwahi shule, rudi usiku, na ikiwezekana nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha uone maji yanatuama wapi. Chuchumaa usawa wa mtoto uangalie kama mtaro hauna mfuniko, au kama gari zinakata kona kwa spidi na dereva hawezi kumwona mtu mfupi hivyo. Dalali hakwambii haya.

Shule usiulize matokeo tu, uliza kama nafasi ipo na darasa lina watoto wangapi. Wazazi wanaosubiri getini ndo watakupa ukweli, wasalimie uwaulize. Mimi kati ya nyumba kubwa na mtaa ambao mtoto anacheza nje salama, nachukua mtaa. Bado unasita? Panga nyumba kwanza, usinunue.