Kuingiza mvinyo Korea Kusini hatua kwa hatua, na balaa la stika ya nyuma

Mdogo wangu yuko Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Mimi niko Incheon, na kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayoingia: kahawa, ufuta, mambo ya namna hiyo. Mwaka juzi akanipigia simu.

"Shikamoo dada. Nasikia Wakorea siku hizi wanaagiza waini kuliko bia. Sisi tunaingiaje?"

Nikamjibu marahaba, lete tu, mzigo ni mzigo. Ilinichukua miezi saba na chupa 1,200 kujua kwamba mvinyo si kahawa. Tangu hapo watu watatu wameniuliza swali lile lile, wawili wa Cape Town na mmoja wa Lisbon, kwa hiyo naandika mara moja ili nipumzike. Ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena sitazieleza. Kama huzijui, usianzie kwenye pombe.

Hatua ya 1: Soma soko la leo, si la 2021

Korona ilipofunga baa, Wakorea walihamishia unywaji nyumbani. Wana neno lake, homsul, na kunywa peke yako ni honsul. Soju, pombe kali ya Kikorea, na bia ni vinywaji vya kundi, vya baada ya kazi, bosi akiwa mezani. Mtu aliyebaki nyumbani alitaka kitu cha kunywa taratibu na chakula chake, na hapo mvinyo ukapata mlango. Mwaka 2020 uagizaji ulifika kama dola milioni 330 na ukaupita wa bia. Mwaka 2022 ulikaribia milioni 580. Mwaka 2023 ukarudi milioni 506 hivi, maana vijana walikuwa wameshahamia kwenye haibol, yaani wiski na soda. Ukilinganisha na kabla ya korona, soko limekua kweli. Ila mtu akikuonyesha mchoro unaoishia 2022, mwulize mwaka uliofuata uko wapi.

Pia jua unakutana na nani rafuni. Mwaka 2019 maduka makubwa ya Emart yalileta mvinyo wa Chile uitwao Dos Copas kwa won 4,900, bei ya kahawa ya mkahawani. Huwezi kushindana na hapo, usijaribu. Chile yenyewe ina mizizi mirefu hapa tangu mkataba wake wa biashara huru na Korea ulipoanza kazi Aprili 2004. Kuna mvinyo wao mmoja uitwao 1865, jina ambalo ni mwaka kampuni yake ilipoanzishwa. Wakorea wakalisoma kivyao: mashimo 18 kwa mapigo 65. Ikawa ndiyo zawadi ya wacheza gofu nchi nzima. Mdogo wangu aliposikia hivyo alikaa siku mbili akitafuta namba ya bahati ya kuweka kwenye lebo yake. Nilimkataza. Bahati ya mtu hainakiliwi.

Alitaka kuanza na Pinotage, mwekundu wao wa nyumbani. Mimi nikasema Chenin blanc, mweupe. Mwekundu bado unaongoza, lakini mweupe na ule wenye mapovu ndio unaosogea mbele, na mweupe unakaa vizuri na samaki mbichi na kuku wa kukaanga, vyakula ambavyo Mkorea haviachi. Tukaleta yote miwili, theluthi mbili Chenin.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi kabla ya kupiga simu

Mvinyo unatozwa mara nne, na karibu kila tozo inapanda mgongoni mwa iliyotangulia. Kwanza ushuru wa forodha, asilimia 15 ya thamani ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima. Kisha kodi ya pombe, asilimia 30 ya jumla hiyo. Kisha kodi ya elimu, asilimia 10 ya hiyo kodi ya pombe (ndiyo, mnywaji anasomesha watoto wa watu). Mwisho VAT, asilimia 10 ya vyote.

Chukua chupa iliyofika bandarini ikiwa na thamani ya won 10,000. Ushuru 1,500, kodi ya pombe 3,450, kodi ya elimu 345, VAT 1,529. Inatoka forodhani ikiwa won 16,824, na bado hakuna aliyeongeza faida. Chupa hiyo hiyo ikitoka Chile, Umoja wa Ulaya, Marekani, Australia au New Zealand hailipi ule ushuru wa 15, kwa sababu ya mikataba, nayo inatoka kwa won 14,630. Afrika Kusini haina mkataba. Tunaanza mbio tukiwa nyuma kwa won 2,194 kila chupa, kwa hiyo tusiuze kwa bei, tuuze kwa ladha na hadithi.

Wa Ulaya wasishangilie mapema. Shehena ikizidi yuro 6,000, tamko la uasili wa bidhaa linaandikwa tu na muuzaji aliyeidhinishwa na forodha ya nchi yake, na namba ya idhini lazima ionekane kwenye hati. Yule wa Lisbon hakuwa na namba. Alilipa asilimia 15 kama sisi, na mkataba wake mfukoni.

Mimi natumia karatasi moja ya Excel yenye mistari sita. Vikokotoo vya mtandaoni siviamini. Nilivyojaribu viwili, vyote vilisahau kodi ya elimu.

Hatua ya 3: Tafuta mwagizaji

Pombe haiingizwi na yeyote tu. Lazima mwagizaji awe na leseni yake kutoka mamlaka ya kodi. Kuna wakubwa kama Shinsegae L&B, Keumyang International, Ayoung FBC na Nara Cellar, ambayo iliingia soko la hisa la KOSDAQ mwaka 2023. Orodha zao zimejaa. Nenda kwa mwagizaji mdogo mwenye mivinyo thelathini au hamsini, anayeweza kukumbuka jina la shamba lako bila kufungua kompyuta. Wengi utawakuta kwenye maonyesho ya mvinyo ya ukumbi wa COEX, Gangnam, Seoul.

Kadi ya biashara itoe kwa mikono miwili. Mwenye kampuni mwite daepyonim, si jina lake. Barua pepe itajibiwa wiki ijayo, ujumbe wa KakaoTalk, WhatsApp yao, utajibiwa kabla hujashuka treni. Na mkiketi mezani, soju ukimiminiwa unashika kikombe kwa mikono miwili, lakini mvinyo glasi inabaki mezani. Unagusa kitako chake kwa vidole tu. Mimi nilinyanyua glasi ya Chenin kwa mikono miwili mbele ya daepyonim, akanyamaza kwa adabu, nusu ikamwagika kwenye kimchi.

Hatua ya 4: Sajili kiwanda

Kiwanda cha nje kinasajiliwa kwa Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa, wenyewe wanaiita Sikyakcheo, kabla ya mzigo kutangazwa. Mwagizaji anafanya mtandaoni. Jina na anwani vifanane herufi kwa herufi na hati zako. Usajili una mwisho wake, andika tarehe kwenye kalenda.

Hatua ya 5: Stika ya nyuma

Hapa ndipo nilipoacha usingizi, kwa hiyo soma polepole.

Kila chupa lazima iwe na stika ya Kikorea kabla haijatoka mikononi mwa forodha. Stika inabeba jina la mvinyo kwa Hangul, yaani herufi za Kikorea, nchi ulikotoka, aina, kiwango cha pombe, ujazo, viambato, tarehe ya kujaza chupa au namba ya toleo, mwagizaji na anwani yake, mahali pa kurudisha, simu 1399 ya kuripoti chakula kibovu, katazo la kuwauzia walio chini ya miaka 19, na onyo la afya. Onyo hulitungi wewe. Maneno yake yamewekwa na serikali, unayanakili yalivyo.

Anza na jina. "Chenin blanc" kwa Hangul huandikwa kwa njia zaidi ya moja: wengine syunaeng, wengine swinaeng. Zote utaziona madukani. Chagua moja na uifungie kabatini, kwa sababu jina la kwenye stika, kwenye tangazo la forodha na kwenye cheti cha maabara lazima liwe lile lile. Sisi tulikuwa na syunaeng kwenye stika na swinaeng kwenye fomu. Siku nne zilipotea.

Sehemu ya aina usiandike "mvinyo". Kisheria mvinyo hapa ni gwasilju, pombe ya matunda, uwe wa zabibu au wa tunda jingine.

Kiwango cha pombe kifanane na lebo ya mbele. Mbele ya Pinotage yetu iliandikwa 13.5, karatasi ya maabara ya kiwanda ikasema 13.9, na aliyetengeneza stika akafuata karatasi. Chupa moja ikawa na namba mbili, mbele na nyuma. Nani anampitisha huyo?

Viambato: kiwanda kitakuletea orodha yenye "E220" ukidhani mambo yameisha. Hayajaisha. Wanataka jina la kitu na kazi yake: kizuia oksidi, salfa dayoksaidi. Halafu salfaiti zinatajwa tena kwenye sehemu ya mzio. Kiongeza chochote kingine, hakikisha kiko kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa Korea kabla ya kupakia, si baada.

Sasa uchapaji. Wazo la kuchapa stika Stellenbosch lilikuwa langu, na nalikiri. Nilidhani tutaokoa pesa za vibarua. Herufi za Hangul hazikai kwenye mstari kama zetu. Zinapandana mbili tatu kwenye kisanduku kimoja na kuwa silabi. Neno la mvinyo ni 와인, visanduku viwili. Kompyuta ya mchapaji wa kule haikuwa na fonti yake, ikazifumua: ㅇㅘㅇㅣㄴ. Kila herufi imekaa peke yake kama watoto waliogombana. Hakuna aliyegundua kule, maana kwao yote ni michoro. Nimegundua mimi, ghalani Yongin, mwezi Januari, chupa 1,200 zikiwa zimeshabandikwa.

Tulizibandua watu watatu kwa siku mbili, na mashine za kukaushia nywele na vipande vya plastiki, pumzi zikitoka kama moshi. Mzee wa ghala alileta maji ya shayiri ya moto akasimama kuangalia, kisha akasema kitu ambacho sitakitafsiri.

Kwa hiyo: chapa Korea. Nenda Chungmuro, Seoul, vichochoro vya wachapaji, wanakuchapia kesho yake. Wapelekee PDF ambayo maandishi yamegeuzwa kuwa michoro, ili fonti isiwe na pa kukimbilia. Ghala la forodha linaruhusu kubandikia humo humo. Lipa vibarua wao, wana mkono mwepesi kuliko wewe.

Waambie wachapaji unabandika msimu gani. Januari gundi ya kawaida haishiki kwenye chupa baridi. Iko gundi ya baridi, iombe. Julai, mvua za jangma zikinyesha, chupa iliyotoka kwenye kontena la baridi inatoka jasho na stika inateleza kama sabuni. Futa kwa kitambaa kikavu, subiri, futa tena. Na usifunike maandishi ya lazima ya lebo ya asili.

Mwisho, na hili ningekuwa nimelijua ningelala: bandika chupa tatu tu. Zipige picha mbele, nyuma na ubavuni, mtumie wakala wa forodha kwa KakaoTalk, na usiguse ya nne mpaka ajibu kwa maandishi. "Sawa" ya simuni haihesabiki.

Hatua ya 6: Maabara

Mvinyo unaoingia mara ya kwanza unapimwa maabara. Wana siku kumi za kazi. Wanaangalia, pamoja na mengine, salfa dayoksaidi isizidi miligramu 350 kwa kilo na asidi ya sorbiki isizidi gramu 0.2 kwa kilo. Chupa za sampuli hazirudi, kwa hiyo ongeza kreti. Ghala linaendelea kuhesabu siku zake. Ukipita, mara nyingine mvinyo ule ule kwa kawaida unakaguliwa karatasi tu, mradi hukubadilisha jina wala kiambato.

Hatua ya 7: Uuzaji

Duka la mtandaoni lisahau. Mvinyo wa nje haupelekwi nyumbani kwa kurieri. Ruhusa hiyo ni ya pombe za asili na za mikoa, kama mvinyo wa zabibu wa wakulima wa Yeongdong. Tangu Aprili 2020 mteja anaweza kulipia kwenye simu kisha achukue mwenyewe dukani, na hapo maduka ya CU na GS25 yaliyo kila kona yamekuwa vituo vya kuchukulia. Wapenzi wa kweli wanakwenda soko la Jayang, Seoul, ambako chupa zimepangwa sakafuni kama viazi na bei zinafahamika nchi nzima. Daepyonim akikuambia anapeleka mzigo Jayang mapema mno, kataa: bei ya pale ikishajulikana, mwenye mgahawa hatakubali ya juu yake.

Na pakia ukihesabu kurudi nyuma kutoka sikukuu. Zawadi za Chuseok, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na za Seollal, mwanzoni mwa mwaka, ndizo zinazomaliza ghala. Mzigo wetu wa pili mdogo wangu aliupakia Julai badala ya Mei, akisubiri maboksi ya zawadi yenye utepe. Ulifika dukani wiki mbili baada ya Chuseok. Kreti kumi za Chenin daepyonim alizipanga chini ya ngazi za ofisi yake, na utepe wake, zikangoja Seollal.