Kupima dawa ya dizeli kwenye jenereta: hesabu gramu kwa uniti

Maduka ya vipuri ya Arusha na Moshi hayakosi chupa ya dawa ya dizeli inayoahidi kupunguza ulaji wa mafuta. Mwenye loji, mwenye mashine ya kukoboa kahawa au mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuipima mwenyewe, mradi apime kwa mizani na aachane na geji ya tenki.

Ianze ahadi yenyewe. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 43 hivi. Jenereta ndogo ikila gramu 280 kwa uniti moja ya umeme (kWh 1, sawa na megajuli 3.6), imemeza megajuli 12 na kutoa 3.6, yaani ufanisi wa asilimia 30. Chupa inayodai kuokoa asilimia 30 ya mafuta inadai kwamba ufanisi utapanda hadi karibu asilimia 43, na injini ndogo kama hiyo haifiki huko. Mililita moja ya dawa ndani ya lita ya dizeli haiongezi joto la maana. Inachoweza ni kubadili namna mafuta yanavyowaka, au kusafisha nozeli, yaani kinyunyizio cha mafuta ndani ya injini. Tafuta tofauti ya asilimia 1 au 2, basi, na vipimo vyako viwe vikali kuliko hapo.

Tuchukue jenereta ya kVA 10, yenye kW 8. Mzigo uwe wa hita za maji, jumla kW 6, zilizozamishwa kwenye pipa la lita 200. Uniti 3 zitapasha maji hayo kwa nyuzi 13 tu, kwa hiyo badilisha maji kabla hayajachemka. Usitumie friji wala pampu, maana huwaka na kuzima zenyewe. Soma volti kila mara: umeme wa hita hufuata mraba wa volti, hivyo volti zikishuka asilimia 2, mzigo unashuka karibu asilimia 4. Funga mita ya umeme inayoonyesha desimali mbili za uniti. Moshi wa injini uishie nje, kamwe si ndani ya banda.

Mafuta yakae kwenye chombo cha lita 3 juu ya mizani inayosoma gramu 1. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Injini nyingi za dizeli hurudisha sehemu ya mafuta kwenye tenki. Ukiuacha mpira wa kurudisha kwenye tenki la zamani, utahesabu mafuta ambayo hayakuchomwa. Mipira yote miwili, wa kuvuta na wa kurudisha, iingie kwenye chombo kilekile, ining'inizwe kwenye stendi, isiguse kuta wala kitako. Hata hivyo mpira uliozama unaisukuma mizani: wenye unene wa milimita 10, usawa wa mafuta ukishuka sentimita 5, unapotosha kwa gramu 3 hivi. Suluhisho ni kuanza kila jaribio kwa usawa uleule. Mafuta yanayorudi huwa ya moto, na dizeli ikipanda nyuzi 20 hutanuka karibu asilimia 1.7, ukipima kwa lita, hilo peke yake linafunika matokeo yote unayoyatafuta.

Nunua dizeli yote siku moja, kituo kimoja, uichanganye, kisha uigawe mara mbili. Lita 30 zinatosha. Dozi ya mililita 1 kwa lita ipime kwa bomba la sindano la mililita 20, na uvae glavu.

Pasha injini nusu saa ikiwa na mzigo. Sifurisha mizani, andika uniti, acha iendeshe hadi uniti 3 kamili, kisha soma gramu. Gawanya kwa 3. Rudia mara 5 bila dawa, mara 5 yenye dawa, halafu mara 5 tena bila dawa. Unapobadili mafuta, endesha dakika 20 huku yanayorudi yakimwagwa kwenye dumu la kando, maana filta bado imebeba yale ya awali. Hewa ikiingia kwenye mpira, injini itayumba; toa hewa na ufute jaribio hilo.

Duru ya mwisho bila dawa si ya kuruka. Asubuhi ya Arusha ni baridi, mchana hewa hupata joto, na injini hubadilika nayo. Duru hiyo isiporudi karibu na ya kwanza, kilichobadilika huenda ni hali ya hewa, si mafuta. Wala usilinganishe namba za Arusha na za Moshi: kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani, na Moshi iko chini zaidi.

Mfano wa hesabu: bila dawa 281, 279, 283, 280, 282, wastani 281. Yenye dawa 278, 280, 277, 279, 281, wastani 279. Tofauti ni gramu 2, sawa na asilimia 0.7, na inavutia machoni. Lakini kwa jaribio la t, hesabu ya takwimu inayoonyesha kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, unapata 2.0, na kwa vipimo 10 kizingiti cha kuvuka ni 2.31. Bado haijathibitika, ongeza marudio.

Dawa za kusafisha nozeli zina utaratibu wake. Hazionekani kwa nusu saa, na nozeli ikishasafika haichafuki tena duru ya tatu. Pima kwanza bila dawa, endesha saa 50 au zaidi yenye dawa, kisha pima tena kwa dizeli tupu. Filta na oili zisibadilishwe katikati, la sivyo hutajua kipi kimeleta nafuu.

Ikithibitika, fanya hesabu ya duka. Chupa ya mililita 100 inatibu lita 100. Ikiokoa asilimia 0.7, imeokoa lita 0.7, na bei yake lazima iwe chini ya bei ya kiasi hicho cha dizeli.