Osha ndoo kabla ukoroge jipsam ingine
Mafundi wenzangu wa Kisumu na hata mlioko saiti huko Nakuru, hiyo ndoo tafadhali ioshe kabla ukoroge jipsam ingine (ule unga mweupe wa plasta ya siling na ukuta). Yale mabaki magumu yameshikilia pembeni si uchafu tu, ni fuwele, yaani chembe ngumu za jipsam, zimeshaganda, na zikiingia kwa unga mpya zinauharakisha kuganda, so ile koroga ilikuwa ikupe dakika 20 inashika ata kabla upande ngazi. Unga wenyewe ni jiwe la jipsam limechomwa kama nyuzi 150 hivi mpaka maji mengi yaliyokuwa ndani yakatoka, sasa ukiweka maji unayarudisha na linakuwa jiwe tena, ndio maana ukishika ndoo kwa nje unasikia joto.

Anza na maji safi alafu nyunyiza unga juu, uache unywe kidogo ndio ukoroge. Ikishaanza kushika usiongeze maji juu, unavunja fuwele, nimeona siling ya Nyalenda ikitoka unga ukiipitisha kidole tu. Koroga ikishaanza kushika, mwaga. Na pale kwa shawa tumia simiti, jipsam inaliwa na maji polepole.