Kabla Mkaguzi Hajakanyaga Sakafu ya Mtambo: Mambo ya Kuzingatia

Mkaguzi aliyezoea visima vya mafuta na gesi haanzi na mafaili. Akishuka kwenye gari anavaa kofia ngumu na miwani, anasimama kidogo, anatazama. Mfuko wa kuonyesha upepo uko wapi, na aliye juu ya mnara wa kuchimbia au kwenye matangi ya matope ya kuchimbia anaweza kuuona? Magari yameegeshwa yakielekea nje? Nani anakuja kumpokea, na huyo anayempokea anamwandikisha kwenye daftari la wageni, anamweleza king'ora cha gesi kinaliaje na watu wanakusanyika wapi? Akifika hadi chini ya mnara bila kuulizwa jina, ameshajua mengi. Siku ya moto, watu wakihesabiwa, hakuna ambaye angekumbuka kwamba naye alikuwamo. Kwa hiyo maandalizi yaanzie getini.

Habari ya ukaguzi ikifika, wengi hukimbilia ndoo za rangi na mifagio. Usafi ni mzuri, na sakafu isiyo na utelezi inaokoa viuno na magoti. Lakini rangi mbichi inaweza kufunika ufa kwenye chuma, na mkaguzi akiona rangi ambayo haijakauka vizuri atakwenda papo hapo kutazama kilicho chini yake. Mimi muda huo ningeutumia kwa kazi nyingine, inayochosha zaidi: kuhakikisha karatasi na chuma vinasema kitu kimoja. Chukua cheti, tembea nacho hadi kwenye kifaa chenyewe, futa grisi kwa kitambaa, soma namba iliyogongwa kwenye chuma, linganisha. Cheti cha pingu ya kunyanyulia kikiwa na namba fulani, na iliyoning'inia kwenye kreni ikawa na nyingine, basi yawezekana iliyopimwa imelala stoo, na ile isiyojulikana asili yake ndiyo inayopitisha mabomba juu ya vichwa vya watu.

Mahali ambapo karatasi na chuma huachana kwa hatari kubwa kuliko pote ni kwenye vibali vya kazi. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja kati ya mbili za gesi-maji, yaani gesi iliyogeuka kimiminika, ilikuwa imesimamishwa ili ifanyiwe matengenezo. Vali yake ya usalama nayo ilikuwa imetolewa ikapimwe, na mahali pake pakafunikwa kwa bamba la muda. Kazi hizo mbili zilikuwa na vibali viwili tofauti, na havikuwekwa pamoja. Usiku pampu ya pili ikagoma. Wa zamu ya usiku waliujua ule mpango wa matengenezo ya pampu, ambayo yalikuwa hayajaanza, wakaona hakuna kizuizi cha kuiwasha ile ya kwanza. Habari ya vali iliyotolewa haikuwafikia. Gesi ikavuja kwenye bamba, ikawaka, na watu 167 wakafa. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa kwenye hali ya kuwashwa kwa mkono kwa sababu ya wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini, na hakuna aliyeweza kuzifikia. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na namna Uingereza inavyosimamia usalama wa majukwaa ya baharini ikabadilika kuanzia hapo.

Kwa hiyo kabla ya ukaguzi, kaa na vibali vyote vilivyo wazi, uvitandaze mezani. Kipi kimekwisha muda na hakijafungwa? Vipi viwili vinagusa mashine moja bila kutajana? Kisha toka nje na orodha hiyo. Kila palipoandikwa kwamba umeme umekatwa, kuwe na kufuli, na kuwe na lebo yenye jina la mtu aliyepo kwenye zamu au aliyekabidhi kwa maandishi. Kufuli ambalo mwenyewe ameshakwenda likizo ni jambo la kumaliza leo leo, si la kumweleza mkaguzi kesho. Halafu nenda ukasikilize makabidhiano ya zamu. Usiyaongoze, sikiliza tu. Kama ni dakika mbili za kusimama kwenye ngazi na neno "kila kitu kiko sawa", hapo ndipo penye kazi yako ya wiki nzima.

Baada ya vibali, njoo kwenye kizuia mlipuko, lile rundo la vali nzito juu ya mdomo wa kisima. Mkaguzi ataomba rekodi za majaribio ya shinikizo, na atazisoma kwa makini: jaribio la shinikizo dogo lilifanyika kabla ya lile kubwa, lilishikilia kwa dakika ngapi, nani alisaini. Kwenye visima vya baharini vya Marekani, utaratibu wa kawaida ni kutopitisha siku 14 kati ya jaribio na jaribio. Jua kanuni ya mahali ulipo na uwe na tarehe kichwani. Kisha nenda kwenye mitungi inayohifadhi nguvu ya kufungia vali hizo. Kwa mfumo ulio wa kawaida kwenye mitambo mingi, geji inatakiwa isome pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, na naitrojeni iliyojazwa awali ndani ya kila mtungi iwe pauni 1,000. Geji inaweza kukuonyesha 3,000 safi kabisa wakati nusu ya mitungi haina naitrojeni. Vali zitaanza kufunga, kisha nguvu itaisha katikati. Ipime mitungi mmoja mmoja, andika.

Nasisitiza hapa kwa sababu ya mtambo wa kuchimbia mafuta baharini wa Deepwater Horizon. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 walikufa kwenye mtambo ule. Siku hiyohiyo wakubwa wa kampuni walikuwa wamefika, na miongoni mwa yaliyowaleta ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila ajali ya kumkosesha mtu siku ya kazi. Rekodi ilikuwa ya kweli. Lakini iliwahesabu walioteguka na waliokatwa vidole, haikupima kisima. Uchunguzi wa baadaye ulikuta nyaya zilizounganishwa vibaya ndani ya mfumo wa udhibiti wa kizuia mlipuko, na betri iliyokuwa imeishiwa. Fundi mmoja alieleza mbele ya wachunguzi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimewekwa kisilie chenyewe, ili watu wasiamshwe usiku na kengele za uongo. Basi tembelea chumba cha udhibiti ukaulize swali moja: kengele zipi zimezimwa hivi sasa, nani aliruhusu, na zitarudishwa lini? Kama jibu halijaandikwa popote, liandike kabla hujatoka humo.

Gesi ya haidrojeni salfaidi inastahili siku yake. Watu huiita gesi ya mayai yaliyooza, na jina hilo linadanganya, kwa sababu ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kunusa ndani ya dakika chache. Aliyesema "harufu imepungua" huenda ndiye aliye karibu zaidi na kifo. Ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo na chini ya sakafu ya mtambo. Vipima gesi vya mwilini vijaribiwe kwa gesi ya majaribio kila siku kabla ya kuvaliwa. Kuwaka taa ya kijani peke yake hakuthibitishi kitu. Na barakoa za mitungi ya hewa, usizihesabu tu ukutani. Mpe kijana wa zamu moja avae, umtazame. Ndevu zitakuonyesha mara moja kama barakoa inashika uso au la, na mikanda iliyokakamaa kwa jua itakatikia mikononi mwake. Afadhali ikatike mbele yako.

Mengine ni ya haraka, ingawa nayo yanakamatisha watu kila mara: mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe kila mwezi na isizibwe na makatoni, kinga za mikanda na minyororo ya mashine zirudishwe mahali pake, maji ya kuoshea macho yatoke safi, yasitoke kutu, waya wa kujiokolea wa mtu wa juu ya mnara uwe na kiti chake tayari, na njia ya kushukia isiwe na kitu.

Watu waandaliwe, lakini wasikaririshwe. Mkaguzi atamvuta pembeni kibarua mgeni kuliko wote, mara nyingi wa kampuni ndogo iliyoletwa kwa siku tatu, amuulize: ukiona kazi inakwenda vibaya, unaweza kuisimamisha? Kijana akimtazama msimamizi wake kwanza kabla ya kujibu, jibu limeshatoka. Haki ya kusimamisha kazi inajengwa siku ile mtu aliposimamisha kweli, hata kwa kosa, akashukuriwa mbele ya wenzake. Vyeti vya vibarua hao na vifaa walivyokuja navyo vipitie mikononi mwako pia, maana ajali haitauliza mwajiri ni nani.

Na kasoro utakazozikuta usiku wa kuamkia ukaguzi? Usizifiche. Kifaa kibovu kifungwe, kiwekwe lebo, kiandikwe kwenye daftari la kasoro pamoja na saa, jina la aliyekiona na tarehe ya kukitengeneza. Asubuhi, kwenye kikao cha kwanza, mfungulie mkaguzi ukurasa huo mwenyewe kabla hajaomba. Angalia pia kurasa za nyuma: kasoro za ukaguzi uliopita zilizoandikwa "imekamilika" zina picha, risiti ya kipuri au saini ya fundi? Zile zisizo na ushahidi zifungue upya, na kabla ya kulala umtume fundi wa umeme na tochi akazitazame.