Jinsi ya kulihoji jina la kwanza la ugonjwa kwenye chumba cha dharura

Madaktari tarajali ninaowasimamia huja wakidhani kwamba ugonjwa hukosewa kwa sababu daktari hakuujua. Ninavyoona mimi, mara nyingi anaujua vizuri. Ila alishatajiwa jina jingine kabla hajamgusa mgonjwa. Limetoka kwa ndugu waliomleta, kwa muuguzi wa mapokezi, au kwenye faili la zamani. Mwaka 1974, Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jinsi akili inavyong'ang'ania kitu cha kwanza ilichopewa, kisha ikasogea kidogo tu kutoka hapo. Kulijua hilo hakukulindi. Kinacholinda ni mazoea ya kazi.

Kabla ya kufungua faili, mtazame mgonjwa. Pima presha, mapigo, joto na oksijeni, na pumzi uzihesabu mwenyewe kwa dakika nzima, maana watu hupenda kuzikisia.

Kisha tafuta kisichokaa sawa. Tuseme ni mwanamume wa miaka 58, anaumwa juu ya kitovu, na kila ukurasa wa faili umeandikwa vidonda vya tumbo. Unalibonyeza tumbo: laini, wala maumivu hayaongezeki. Lakini shati limelowa jasho na vidole ni vya baridi. Kidonda kilichotoboka kingelikaza tumbo kama ubao. Hili halijakaza, sasa jasho limetoka wapi? Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Kikiwa shwari na jasho bado linamtoka, rudia baada ya dakika 15 hadi 30. Upande wa chini wa moyo ukikosa damu, mtu anaweza kuhisi maumivu tumboni, na mchoro wa kwanza usionyeshe kitu.

Ukishasema ni moyo, lihoji na hilo. Hapa hata madaktari hodari hunaswa, kwa sababu wamefurahi kupata jibu. Muulize maumivu yalianzaje. Kama yalikuja ghafla kwa nguvu zote, yakachana kifua hadi mgongoni, pima presha mikono yote miwili. Tofauti inayozidi 20 inakuelekeza kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, iliyochanika, na isipokuwepo bado hujaiondoa aota. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo humwokoa mwenye mshtuko wa moyo, zinaweza kumuua huyu.

"Kalewa huyo" ndiyo kauli ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu baada yake hakuna anayemsogelea mgonjwa. Msogelee wewe. Pima sukari kwa tone la damu ya kidole. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L imeshuka, mtibu mara moja. Pitisha vidole kichwani kote, chini ya nywele, kutafuta uvimbe au jeraha. Saa zikipita na fahamu zisirudi, au zikizidi kupungua, acha kusingizia pombe, apigwe picha ya kichwa.

Mwanamke wa umri wa kuzaa anayeumwa tumbo apimwe mimba, hata akikuapia kwamba haiwezekani. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haisubiri mjadala.

Kukabidhiana zamu ndiko kunakogeuza dhana kuwa ukweli. Usiseme "kitanda cha nne, nimonia." Sema: "Kitanda cha nne, mama anahema mara 28 kwa dakika, oksijeni 90, nimemwanzishia dawa za nimonia, ila mguu wake wa kushoto umevimba na sijapata sababu." Mwenzako akisikia habari za mguu, ataiwaza damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi kwenye mapafu. Akisikia nimonia tu, hataufunua ule mguu.

Na mgonjwa akirudi baada ya siku mbili tatu na shida ileile, usiendeleze pale mwenzako alipoishia. Mkalishe, mwombe akusimulie upya tangu siku alipokuwa mzima, na mpime kama mtu asiyewahi kuonwa na daktari yeyote.